Karatasi za Karani Georges

Mwaka wa 1994, kama ungepita Panda, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba, ukauliza nyumba ya karani Georges, hata mtoto anayejifunza kutembea angekuonyesha. Ni ile yenye suruali ya kijivu kwenye kamba kila Jumamosi. Suruali ilikuwa hiyo hiyo moja, lakini mkunjo wake wa pasi, ewe ndugu yangu, ungeweza kuukatia mkate. Mshahara haukuwa umeonekana miezi na miezi, posho ya unga ilikuwa imegeuka hadithi ya kuwasimulia wadogo, na Georges bado alikwenda ofisini kila asubuhi na kalamu mbili mfukoni, akaketi mbele ya mashine ya kuandika isiyokuwa na utepe, akangoja saa ya kurudi. Majirani walimtania. Usimcheke sana. Mtu akishapoteza yote hung'ang'ania kilichobaki, naye Georges alikuwa amebakiwa na jambo moja tu, nalo ni kuitwa karani.

Nyumbani kulikuwa na shida nyingine. Walimu walichoka kufundisha kwa tumbo tupu, wakaweka chaki chini, na watoto wa kambi nzima wakabaki uani. Georges alikuwa na wawili wa umri wa shule, Rolly na Fidélie. Njaa ilimuuma kama inavyomuuma kila mtu, lakini kilichomuuma zaidi ni kumwona Rolly, aliyekuwa mwaka wa nne, anasahau kugawanya. Mtoto wa karani! Basi akaanza kutafuta chochote kilichochapwa ambacho hakiombi malipo. Aliokota makopo ya maziwa na vikaratasi vya dawa, akang'oa almanaka ya zamani ukutani, akawasomesha wanawe hayo hayo. Fidélie alijua kusoma "tikisa kabla ya kutumia" kabla hajajua kuandika jina lake. Mkewe, Clémentine, aliyekuwa akikaanga mikate ya kuuza barabarani, alimtazama akifanya hivyo, akarudia mikate yake, na mtazamo ule ulimtia Georges haya kuliko matusi.

Ndipo Masœur Hortense wa parokia alipowaokoa. Mtawa yule alikuwa na mashine ya ronéo, ile ya kuzungusha kwa mkono, iliyokuwa ikichapa nyimbo za misa wakati wa neema. Alichora stensili kwa mkono wake mwenyewe: hesabu za kujumlisha na kutoa, maneno yenye herufi zilizokosekana, picha za kupaka rangi, nukta za kuunganisha mpaka kiboko atokee. Kila Jumapili baada ya misa watoto walipanga mstari, wakapewa karatasi za kufanyia nyumbani, bure kabisa, awe Mkatoliki au asiwe. Wiki iliyofuata walizirudisha, yeye akasahihisha kwa kalamu nyekundu, akawarudishia wazitunze. Kwa muda wa mwezi mmoja kambi ilikuwa na utulivu ambao hata wazee waliusifu.

Kisha karatasi zikaisha.

"Wino iko," Masœur alisema mbele ya waumini. "Stensili iko. Mikono ya kuzungusha mashine iko. Karatasi njo haina. Mwenye iko nayo, hata ile ilishaandikwa upande moja, alete. Tutachapa upande ingine, batoto hawatajua tofauti."

Georges alisikia maneno hayo akiwa benchi la tatu, akainua kichwa. Karatasi za kuandikwa upande mmoja! Mwishoni mwa korido ya ofisi yao kulikuwa na chumba kilichojaa hizo tangu sakafu hadi dari, na wakubwa wenye ufunguo walikwishaondoka zamani, ufunguo ukabaki msumarini. Hakuna aliyezihitaji zaidi ya panya. Hata hivyo alikaa siku nne bila kwenda, kwa sababu kukitoa kitu cha kampuni langoni kulimkumbusha Barnabé.

Sasa hapa lazima nikuambie, ingawa Georges mwenyewe angependa nisiseme.

Miaka minane nyuma Barnabé alikuwa fundi wa rangi wa kampuni, jirani ya Georges mlango kwa mlango, na ndiye baba wa ubatizo wa Rolly. Siku chache kabla ya ubatizo huo alitoka langoni na nusu kopo ya rangi ya kijani chini ya koti. Alipaka mlango wake, na iliyobaki akampakia Georges madirisha, wageni wasikute nyumba inatia aibu. Walicheka sana siku hiyo. Mwezi haukuisha, mkubwa wa ofisi akamwita Georges, akafunga mlango. Rangi inapotea, akasema, nawe karani unaona kila anayepita; nafasi ya karani wa daraja la pili iko wazi; nipe jina moja, na uweke sahihi, maana barua isiyo na sahihi mimi siipokei. Georges alilijua jina moja tu, kwa sababu rangi yenyewe ilikuwa kwenye madirisha yake. Aliiandika barua ile kwa mashine, mistari saba, bila kosa hata moja. Barnabé alifukuzwa kazi wiki ile ile, akatolewa katika nyumba ya kampuni, akahamia ng'ambo ya reli. Siku hizi alikuwa akipasua mawe ya chokaa kule Kakontwe.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Lakini subiri, hilo bado si lote.

Watu waliuliza nani amemchongea Barnabé, na kila kidole kikamwelekea Octave, mtunza bohari ya rangi. Octave alikuwa mtu wa Kasai, mkoa wa mbali, baba yake aliletwa kuchimba shaba tangu enzi za Wabelgiji, na yeye ndiye aliyekuwa akipima makopo. Nani mwingine angejua? Barnabé aliamini, akaapa kuna barua Octave aliyomchongea nayo, ingawa watu walimwambia anaota. Georges alimsikia, akamwacha aamini. Ilipofika mwaka wa 1992, watu wa Kasai walipofukuzwa mjini na wenyeji waliowaita wageni, Barnabé alikuwa mbele ya kundi lililokwenda nyumbani kwa Octave, mkabala na kwa Georges. Georges aliona yote akiwa nyuma ya pazia lake. Octave na mkewe Germaine na watoto wakaenda stesheni kungoja treni pamoja na maelfu ya wengine, wakangoja miezi chini ya turubai, na mtoto wao wa mwisho alifia pale kwa surua. Siku moja Georges aliwapelekea bakuli la unga. Alimpa mwanamke aliyekuwa karibu na njia awafikishie, akageuka kabla Germaine hajainua kichwa.

Huyo ndiye mtu aliyeingia chumba cha mwisho wa korido siku ya Alhamisi na gunia tupu.

Alilifungua boksi la kwanza, akainua karatasi za juu. Orodha za mahudhurio: majina, misalaba, tarehe. Vizuri, hazina madhara. Alizishindilia ndani ya gunia mpaka likafura, na kwa haraka ya mtu anayeona haya hakutazama zilizo chini. Angetazama, angekumbuka kwamba mvua za mwaka juzi zilivuja darini, na vijana wakahamisha mafaili kutoka rafu iliyolowa, wakayatia katika boksi lolote lililokuwa na nafasi. Langoni mlinzi alimwona na gunia mgongoni.

"Karani, beba tu," akamwambia. "Hata lango lenyewe, mukitaka, chukueni."

Georges alijaribu kucheka. Njia nzima alifikiri juu ya nusu kopo ya rangi.

Jumapili iliyofuata Masœur Hortense alimsimamisha mbele ya watu. Tumshukuru Papa Georges, akasema, aliyewakumbuka watoto wetu. Wakampigia makofi. Baada ya misa watu walimshika mkono mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alikuwa Barnabé, vidole vimepasuka kwa chokaa, akimshika begani binti yake Danielle, mtoto wa miaka kumi.

"Minye mwenyewe sikupata kusoma," Barnabé alimwambia. "Jina yangu tu njo najua. Lakini huyu, juu ya karatasi zako, atasoma mpaka achoke. Mungu akuone, Georges."

Mungu alikuwa anamwona, hilo Georges hakuwa na shaka nalo.

Ilikuwa wiki ya tatu Clémentine alipomwita jikoni. Alikuwa ameshika karatasi ya Fidélie, ile ya kiboko wa nukta, lakini alikuwa akiisoma nyuma, na mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Papa Rolly, kuya uone. Banasema huyu muzee alilala kazini mara tano mwezi moja, na mara ya tano bakamukuta ndani ya sanduku ya mashine. Si ule mwenye anatuhubiria kila siku juu ya kutumika kwa bidii?"

Georges alimpokonya karatasi. Haikuwa orodha ya mahudhurio. Ilikuwa barua ya karipio kutoka faili la mfanyakazi, na alilijua faili lile: yote ya mwaka ule wa rangi ya kijani aliyafunga yeye mwenyewe kwa uzi mweupe, na alijua ni barua gani nyingine iliyokuwa ndani ya uzi huo huo.

Kufikia Jumatano kambi nzima ilikuwa imegundua. Watoto walifanya hesabu upande mmoja, wazazi wakasoma upande wa pili. Mama Simone, muuza samaki, alikuja kujua kwamba marehemu mumewe, aliyemwambia amepelekwa Kolwezi kwa mafunzo, alikuwa amesimamishwa kazi kwa ulevi. Akakasirika upya na mtu aliyekwisha kuzikwa miaka mitatu. Wengine walibadilishana karatasi sokoni kama watoto wanavyobadilishana picha. Ilikuwa ni kicheko tu, na kila kicheko Georges alichokisikia nyuma yake alidhani ni chake.

Akaanza kuzikusanya. Alipita nyumba kwa nyumba akisema Masœur amemtuma, hesabu zina makosa, zitachapwa upya. Uongo, tena uongo wa kumsingizia mtawa. Baadhi walimpa, baadhi walimtazama kwa jicho la pembeni. Fidélie alilia kuachana na kiboko wake. Georges alijifungia chumbani mchana kweupe, akazigeuza moja moja, na Ijumaa akaipata barua ya kampuni ya kumfukuza Barnabé, yenye picha za matunda za kupaka rangi mgongoni. Barua yake mwenyewe ilikuwa imefungwa nyuma ya hiyo, kwa hiyo ilikuwa imechapwa pamoja nayo na kugawiwa siku ile ile. Aliwaza nani hajafikiwa bado. Nyumba moja tu, ile aliyokuwa akiiruka kila siku kwa kisingizio kipya.

Jumapili alasiri alivuka reli. Njiani alijiambia kwamba Barnabé hajui kusoma, kwamba karatasi labda iko kwa mtu mwingine, kwamba labda mvua imeiharibu. Mtu mwenye hofu ni wakili mzuri.

"Ingia, Georges, ingia," Barnabé alimpokea kwa mikono miwili. "Baba ya batoto yote! Danielle, leta kiti."

"Sikai sana," Georges alisema. "Nilikuya juu ya karatasi. Masœur anasema kuko kosa mu hesabu. Nakusanya zote."

"Ya kwetu haina kosa. Danielle alipata kumi juu ya kumi, Masœur mwenyewe aliandika na nyekundu. Ikala kwanza ku kiti. Danielle, leta ile karatasi, Papa Georges asikie vile unasoma sasa."

Mtoto aliileta kutoka chini ya godoro, imenyooshwa vizuri. Alisimama wima, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, kama Masœur alivyowafundisha, akasoma kisa kifupi cha sungura na maswali yake yote matatu. Barnabé alimsikiliza mdomo wazi, midomo yake ikisogea pamoja na ya bintiye. Georges alisema vizuri, vizuri sana, akanyoosha mkono aipokee.

"Nyuma kuko Kifaransa ya bakubwa," Danielle alisema. "Nisome?"

"Haina maana," Georges alisema upesi. "Ni bintu bya ofisi tu."

"Acha asome," Barnabé alisema. "Kama ni ya bakubwa, sasa njo tutajua kama anasoma kweli."

Danielle akageuza karatasi. Alisoma tarehe. Alisoma cheo cha mkubwa wa ofisi, polepole, akikata maneno vipande vipande. Kisha akasita, akamtazama baba yake.

"Papa, ni jina yako."

Barnabé aliashiria kwa mkono aendelee. Mtoto akaendelea, na Kifaransa kidogo alichokipata Barnabé kazini kilimtosha: siku fulani, langoni, chini ya koti, nusu kopo ya rangi ya kijani. Mzee wa watu alianza kutikisa kichwa, na Georges akashangaa kuona anatabasamu.

"Njo ile barua," Barnabé alisema. "Miaka munane. Kila muntu aliniambia haiko, nimeota. Unaona, Georges? Mungu ameileta mwenyewe mu nyumba yangu, tena na karatasi zako. Danielle, ngojea. Mupatie Papa Georges amalize, yeye ni karani. Jina ya Octave nataka kusikia na sauti ya muntu mukubwa."

Georges aliipokea karatasi. Jina lilikuwa pale chini, kwa herufi za mashine, na sahihi juu yake yenye mkia alioujivunia sana siku zile.

Octave alikuwa mbali, Kasai, mwisho wa reli. Hakuna mtu angetoka huko kuja kukana. Neno moja tu, na Barnabé angelala amepata haki yake, na Georges angerudi nyumbani na suruali yake yenye pasi. Alifungua kinywa. Ningependa kukuambia kwamba dhamiri ndiyo iliyomkamata. Hapana. Danielle hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama kiwikoni mwake, na kwa mazoea aliyofundishwa aliweka kidole chake chini ya neno linalofuata amsindikize msomaji, na kidole kilikuwa kimekwishafika kwenye G.

"Ni minye," Georges alisema. "Jina iko ya kwangu."

Barnabé aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu ambaye hajasikia vizuri, akamtazama bintiye.

"Ni kweli, Papa," Danielle alisema. "Baliandika Georges."

"Nenda kwa mama yako," Barnabé alimwambia.

Mtoto akatoka. Georges alingoja kofi, ngumi, kelele za kuita majirani. Angevipokea vyote na kushukuru. Havikuja. Barnabé alikaa akiitazama mikono yake.

"Na Octave?"

"Octave hakujua kintu."

"Kintu hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Barnabé aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini mno, Georges akalazimika kuinama amsikie.

"Siku ile alisimama ku mulango yake, akaniuliza, Barnabé, minye nilikufanya nini? Nikamujibu, unajua. Akasema, sijui, naapa kwa batoto yangu. Nikamupiga. Vile alisema batoto yake, njo nilimupiga zaidi." Akainua macho. "Na weye ulikuwa nyuma ya pazia. Nilikuona. Nikasema, Georges ananiogopa."

Georges alitafuta neno. Alikuwa ameishi maisha yake yote kwa maneno ya watu wengine, akiyapanga na kuyapiga muhuri, na sasa hakulipata hata moja la kwake. Alisimama, na kwa mazoea ya ofisini akaikunja karatasi mara mbili ili aitie mfukoni.

"Weka hiyo chini," Barnabé alisema.

"Barnabé, niache niichome. Nakuomba."

"Ni ya mutoto. Alipata kumi juu ya kumi. Siku ataniuliza juu ya Octave, nitamupatia aisome tena, ajue ya kwako. Ya kwangu nitamuambia na kinywa, juu hiyo hakuna muntu aliiandika."

Georges aliikunjua karatasi, akailaza mezani, akailainisha mikunjo kwa kiganja. Alitoka bila kuaga. Uani mke wa Barnabé alikuwa akichekecha unga, na Danielle amekaa karibu yake, amejiinamia. Mama yule hakuwa amesikia kitu. Alimwinukia kwa heshima, akapangusa mikono kwenye kitenge, akamshukuru tena kwa karatasi za watoto.